Kubeba Bastola kwa Kujilinda: Tuanze na Ngazi Ipi?

 



Somo hili limetokana na swali. Siku moja, baada ya darsa la fiqhi, mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akasema: "Ustadh, baba anataka kununua bastola. Mama hataki. Dini inasema nini?"

Sababu niliijua, kwani mtaa mzima uliijua. Wiki tatu kabla ya siku ile, baba yake, ambaye ana duka la nafaka, alivamiwa wakati akifunga duka baada ya swala ya Isha. Vijana watatu, wawili wakiwa na mapanga, walichukua mauzo ya siku na simu, wakamjeruhi begani. Alhamdulillahi jeraha lilipona, lakini usingizi haukurudi.

Sikumjibu palepale. Nilimwambia, "Mwanangu, hili si la kujibu tukiwa tumesimama. Mwambie baba nitakuja Ijumaa baada ya Laasiri." Yale tuliyozungumza siku hiyo ndiyo somo hili, na wenyewe wameridhia niliandike bila kutaja majina.

1. KUJILINDA NI HAKI

Kwanza tuondoe dhana potofu. Uislamu haumwambii mtu akae kimya akidhulumiwa, kisha aite huko kukaa kimya kuwa ni subira. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi, na vivyo hivyo anayeuawa akitetea nafsi yake, dini yake au watu wa nyumbani kwake. Hadithi hizo zimo katika vitabu vinavyotegemewa. Kwa hiyo yule mzee wa duka hakukosea kutaka kujilinda.

Lakini haki hii ina mipaka. Katika Suratul Maidah, baada ya kisa cha watoto wawili wa Nabii Adam (A.S.), tunafundishwa kuwa kuiua nafsi moja bila ya haki ni sawa na kuwaua watu wote, na kuiokoa moja ni sawa na kuwaokoa watu wote. Na katika Suratul Israa, hata yule aliyeuliwa ndugu yake kwa dhulma amekatazwa kuvuka mpaka katika kudai haki yake. Basi swali si kama mtu anaruhusiwa kujilinda. Swali ni: kwa kiasi gani, na aanze na nini?

2. NGAZI ZA KUJIHAMI

Katika Sunan an-Nasai imepokewa kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwuliza afanye nini akijiwa na mtu anayetaka mali yake. Tazameni mpangilio wa majibu aliyopewa. Kwanza, amkumbushe huyo mtu Mwenyezi Mungu. Akauliza: na asipokumbuka? Ataka msaada kwa Waislamu walio karibu nawe. Na kama hakuna mtu karibu? Ataka msaada kwa mwenye mamlaka. Na kama mwenye mamlaka yuko mbali? Hapo ndipo alipoambiwa apigane kutetea mali yake.

Kupigana kumekuja mwisho. Kabla yake yametangulia mambo matatu: neno, majirani na serikali.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walilipanga jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameliwekea mlango wake katika kitabu cha Minhaj, ambacho kimesomeshwa misikitini katika pwani yetu kwa vizazi vingi. Mshambuliaji humo anaitwa swaail. Kanuni ni kuanza na jepesi, kisha linalofuata kwa wepesi. Kwa ufupi ngazi zake ni hizi:

(a) Ikiwa maneno au kupiga ukelele kutatosha, ni haramu kumpiga.
(b) Ikiwa mkono utatosha, ni haramu kutumia mjeledi.
(c) Ikiwa mjeledi utatosha, ni haramu kutumia fimbo.
(d) Ikiwa kumjeruhi kiungo kutatosha, ni haramu kumwua.
(e) Na ikiwa mtu anaweza kukimbia akasalimika, basi kauli inayotegemewa ni kwamba kukimbia ni wajibu, na kupigana ni haramu.

Wanafunzi wangu, hasa wavulana, irudieni hiyo ya mwisho. Mitaani mtu akikimbia huchekwa. Katika fiqhi anayekimbia akaokoa nafsi mbili, yake na ya yule mshambuliaji, ametekeleza wajibu.

Jambo jingine: kuitetea mali kunajuzu, lakini si wajibu. Mtu akiamua kumwachia mwizi gunia la mchele ili asimwage damu, hana dhambi. Mchele utapatikana mwingine.

3. BASTOLA IKO NGAZI GANI?

Nilipofika hapa, baba wa mwanafunzi, ambaye naye alisoma chuoni utotoni, alinikatiza. "Ustadh, nakumbuka nasi tulisomeshwa kuwa mtu asiyekuwa na kitu ila upanga, anaweza kuutumia huo huo, hata kama fimbo ingetosha." Nilifurahi, kwa sababu ni kweli. Wanazuoni wamesema hivyo, kwani hana njia nyingine na wala hana kosa la kutotembea na fimbo. Pia wamesema vita vikishachanganya, na mtu hana nafasi ya kupima, mpangilio ule wa ngazi humwondokea.

Lakini nilimwambia: "Sheikh wangu, huyo ni mtu aliyekutwa na jambo. Wewe leo umekaa barazani, unakunywa kahawa, unachagua. Mwenye kuchagua huulizwa kwa nini amechagua ngazi ya mwisho kabla ya kuzipanda zile za mwanzo."

Na tuutazame upanga wenyewe. Mwenye upanga anaweza kupiga kwa ubapa wake, anaweza kuuinua akautishia, anaweza kuuzuia mkono katikati ya njia. Mwenye bastola akishafyatua, risasi haina ubapa. Haigeuki wala hairudi. Inaweza kupita kwenye ukuta wa mbao ikamkuta mtoto wa jirani kitandani. Kwa sababu hiyo bastola humrukisha mtu kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, na humrukisha usiku, gizani, akiwa na hofu, kwa muda mfupi kuliko wa kusema "Nani wewe?"

Baba yule alikuwa na hoja ya pili: majambazi wana silaha. Ni kweli pia. Lakini jambazi ndiye anayechagua saa ya kuja, na mwenye duka huwa ameinama akihesabu fedha. Zaidi ya hayo, silaha yenyewe huwa ni mali inayotafutwa. Tarehe 12 Julai 2015 kituo cha Polisi cha Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam, kilivamiwa usiku. Askari waliuawa na bunduki zikaporwa. Ikiwa wenye mafunzo, walio wengi na walio kazini waliendewa kwa ajili ya silaha zao, mwenye duka aliye peke yake ajiulize kama bastola itawafukuza majambazi au itawaita.

4. ALIYEKUWA NYUMA YA MLANGO

Kuna kesi moja iliyojulikana dunia nzima ambayo inafaa kusomeshwa. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha mashuhuri Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa ndani ya nyumba yake. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Bastola ilikuwa na leseni. Pistorius alisema alidhani ni mwizi.

Mwaka 2014 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikabadilisha hukumu hiyo kuwa ya mauaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: hata kama aliamini kuwa aliyemo ni mwizi, alijua kuwa nyuma ya mlango kuna mtu, na alijua kuwa risasi zinaweza kumwua mtu huyo. Mwaka 2017 kifungo chake kiliongezwa kufikia miaka 13 na miezi 5, na Januari 2024 alitolewa kwa msamaha wa masharti. Majaji wale hawakuhukumu kwa Minhaj, lakini angalieni jinsi mambo yalivyokutana: mtu aliye nyuma ya mlango uliofungwa bado hajafikia ngazi ya mwisho.

Nilipomaliza kueleza kisa hiki, baba wa mwanafunzi alinyamaza. Kisha akatueleza jambo ambalo hata mkewe hakulijua lote. Tangu alipovamiwa, alikuwa akilala na panga chini ya kitanda. Usiku mmoja, kama saa tisa, alisikia kitasa cha mlango wa uani kikizungushwa. Akaamka, akachukua panga, akasimama gizani. Mlango ukafunguliwa, akaliona umbo la mtu. Akanyanyua mkono na kupiga hatua mbili mbele ili amfikie. Katika hatua ya pili akasikia harufu ya sabuni. Alikuwa mwanawe, ametoka kutawadha ili aswali tahajjud.

Mwanawe huyo ndiye aliyeniuliza swali.

Akasema: "Zile hatua mbili ndizo zilizoniokoa, ustadh. Kwa bastola nisingezihitaji." Mama alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Hakusema kitu, na sisi hatukusema kitu kwa muda.

Tukumbuke kuwa anayeua Muislamu kwa makosa hakuachwa tu. Suratun Nisaa imemwekea kafara na diya: diya kwa warithi wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Na hata akizifunga siku zote hizo, ataendelea kuishi nyumba moja na lile alilolifanya.

Wataalamu wa afya nao wamelichunguza jambo hili huko Marekani, nchi ambayo mwaka 2017 ilikadiriwa kuwa na silaha za moto milioni 393 mikononi mwa raia, yaani nyingi kuliko watu wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu jimbo la California ulionyesha kuwa watu wazima wanaoishi nyumba moja na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wanaoishi katika nyumba zisizo na silaha. Wale wanaokusudiwa kulindwa ndio walioonekana kuwa hatarini zaidi.

5. SHERIA YA NCHI

Muislamu hutekeleza masharti aliyokubaliana na wenzake. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha ya moto awe na leseni. Maombi hupitia ngazi za serikali na Jeshi la Polisi, ili mwombaji achunguzwe mwenendo wake. Kenya nayo ina Sheria ya Silaha na bodi yake ya utoaji leseni. Kununua bastola "kwa mtu" bila leseni ni kosa la jinai, na pia ni kusaidia biashara ile ile inayowapa majambazi silaha.

Tena leseni si ruhusa ya kuua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujitetea mwenyewe, kumtetea mwenzake na kutetea mali, lakini kwa nguvu ile tu iliyo ya lazima. Akizidisha, atajibu mahakamani.

6. ADABU ZA SILAHA

Kwa wale ambao kazi zao zinawalazimu kushika silaha, kama askari na walinzi, Mtume (S.A.W.) ameacha mafunzo ambayo yanatosheleza mpaka leo. Amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kama ni ndugu wa baba na mama mmoja, na akatwambia kuwa malaika humlaani mwenye kufanya hivyo. Amekataza kupokezana upanga ulio wazi. Na apitaye msikitini au sokoni na mishale, ameamrishwa aishike penye ncha zake ili asimdhuru mtu. Amekataza pia kumtisha Muislamu, hata kwa mzaha.

Wadogo zetu, na nyinyi mnahusika. Siku za Idi viwanjani huuzwa bastola za plastiki, na mchezo huwa ni kumwelekezea mwenzako usoni. Acheni mchezo huo, mkono huzoea. Na mkiikuta silaha ya kweli popote, nyumbani, gesti, kwenye gari au kichakani, shikeni mambo matatu: usiiguse, ondoka hapo, mwambie mtu mzima. Usimwite mwenzako aje kuangalia.

7. NJIA NYINGINE ZA KUJILINDA

Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Pia ametuamrisha tufunge milango usiku na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo komeo zuri ni katika kufuata Sunna. Baba wa mwanafunzi wetu na mimi tulipanga pamoja haya yafuatayo, na kila nyumba inaweza kuyapima kwa hali yake:

Kwanza, fedha. Majambazi walikuja kwa sababu walijua mauzo ya siku hutembea na mwenye duka kila usiku kwa njia ile ile. Sasa mauzo hupelekwa benki au kwa wakala wa fedha za simu mchana, mara mbili, kwa saa zisizofanana. Tangu huduma hizi zilipoingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hakuna tena haja ya kulala na fedha chini ya godoro.

Pili, mwanga na milango. Taa mbele ya duka, komeo la ndani, na tundu la kuchungulia. Nyumbani, kila anayetoka usiku huwasha taa na kusema kwa sauti, "Ni mimi fulani." Kanuni hii haikugharimu hata shilingi, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Tatu, majirani. Wenye maduka manne ya mstari ule wamekubaliana kufunga kwa saa moja na kutoka pamoja. Kila mmoja ana filimbi. Hii ndiyo ile ngazi ya pili katika hadithi: Waislamu walio karibu nawe, na kila jirani mwema, awe wa dini yoyote.

Nne, mamlaka. Ofisi ya serikali ya mtaa, ulinzi shirikishi, na namba ya dharura ya Polisi 112 iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Toeni taarifa hata kwa wizi mdogo, maana jambazi wa leo huenda ni kibaka ambaye jana hakuripotiwa.

Tano, vijana wenyewe. Wawili kati ya waliomvamia mzee walikuwa vijana wa karibu. Mtaa unaowaacha vijana wake bila kazi, bila elimu na bila wa kuwauliza wanalala wapi, utanunua makufuli mpaka uchoke.

8. TAHADHARI: TUSIWE WADHALIMU

Majirani wakiwa pamoja ni nguvu, na nguvu ina fitina yake. Sungusungu walioanza huko Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipunguza sana wizi wa ng'ombe, lakini pia walilaumiwa kwa kuwatesa watuhumiwa. Na kila mmoja wetu amewahi kusikia habari ya mwizi aliyeuawa na "wananchi wenye hasira kali".

Fiqhi iko wazi. Mshambuliaji akikimbia, akijisalimisha au akishikwa, shambulio limekwisha, na haki ya kumpiga imekwisha pamoja nalo. Anayerusha jiwe baada ya hapo hajilindi, anaua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu ni yule anayeizuia nafsi yake anapokasirika. Filimbi ikilia, nendeni mkamshike mtu, si mkamchome moto.

9. JIBU LA SWALI

Basi, mwanangu, jibu ni hili. Bastola yenye leseni, mikononi mwa mtu mzima mwenye mafunzo na hatari iliyo dhahiri, si haramu kwa dhati yake. Lakini ni ngazi ya mwisho, na asiyekwisha kuzipanda za kabla yake hana haraka nayo. Baba yako alipouliza, "Na wakirudi?" nilimwambia kwamba sina dhamana ya kumpa, na bastola nayo haina. Mwenye kuhifadhi ni Mwenyezi Mungu. Sisi tumeamrishwa kufuata sababu kwa mpangilio wake.

Fomu ya maombi bado iko kwenye mtoto wa meza dukani kwake. Hajaichana, wala hajaijaza. Lakini panga limerudi shambani, na ameniambia kuwa sasa analala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, atupe amani katika miji yetu, na awaongoze vijana wetu. Amin.

ZOEZI

1. Taja kwa mpangilio hatua nne alizofundishwa mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza juu ya anayetaka mali yake.
2. Ni lini kukimbia huwa wajibu?
3. Eleza tofauti ya upanga na bastola kwa kutumia kanuni ya "jepesi kwanza".
4. Utafanya nini ukikuta silaha ya moto njiani?
5. Kaa na wazazi wako mwandike mambo matano ya kuifanya nyumba yenu iwe salama bila silaha. Mlete karatasi hiyo darasani.